Mshono wa Bujiku

Haya ninayoyaandika yalimpata mtoto wa dada yangu, na sehemu yake ya mwisho niliiona kwa macho yangu, mchana, jua likiwa utosini. Nayaandika kwa majina na tarehe kwa sababu nimeyasikia yakisimuliwa vibaya kwenye mabasi ya Kahama. Kuna wanaosema chombo kilizama. Hakikuzama.

Mwanangu wa mwisho, Mwigulu, ni nahodha wa chombo cha tanga kiitwacho Kabula. Kina milingoti miwili na urefu wa futi sitini na mbili, na kilijengwa na fundi wa Kikerewe mwaka 1988. Hakina injini hadi leo. Hubeba mbao, chumvi na mahindi kwenda visiwani, na hurudi na dagaa. Kituo chake ni Mulila, ufukwe mdogo mbele ya Nkome, mkoani Geita. Mabaharia wake ni wanne, na hao hao wanne ndio mafundi wake.

Mimi naishi Tinde. Nilikuwa mpanga madaraja wa pamba katika kiwanda kimoja cha kuchambulia kwa miaka thelathini na moja, na bado naijua pamba kwa vidole hata nikifumba macho. Kwa hiyo kila mwezi wa Julai, Kabula kinapovutwa mchangani kwa matengenezo, mimi ndiye ninayepeleka gunia la pamba ya kuzibia mishono, yaani zile nyufa kati ya ubao na ubao.

Alhamisi tarehe 14 Julai 2022 nilifika Mulila na gunia langu. Ilikuwa siku njema, upepo mwembamba, watu wanapaka lami huku wanapiga soga. Fikirini, mtu wa matanga, mzaliwa wa Kahama mwenye babu wa pwani, aliingiza mkono guniani akauliza kama hii ni pamba au nimechana godoro la wageni. Nikamwambia aniamkie kwanza ndipo anitukane.

"Shikamoo, Mzee," akasema. "Sasa nijibu la godoro."

Wote wakacheka. Bujiku naye alicheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho mimi kumwona.

Sasa nieleze desturi yao, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Kila baharia wa Kabula ana sehemu yake ya mishono, na hakuna anayegusa ya mwenzake. Mwigulu huziba tezi, kwenye usukani. Masalu, aliye mkubwa wao kwa umri na fundi wa mbao, huziba mishono ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Fikirini upande wa kushoto. Bujiku upande wa kulia, kuanzia mlingoti wa mbele hadi omo, yaani ncha ya mbele, pima tatu, kama futi kumi na nane. Kila mmoja huchambua pamba yake mwenyewe, hujifutia jasho la uso na la kwapa, kisha huichovya kwenye mafuta ya ng'ombe na kuigongelea kwa nyundo ya mti. Ncha ya pamba huachwa ndani ya chombo, imefungwa fundo. Wanasema chombo hubeba watu wake kwa namna hiyo, hata wakiwa wamelala nyumbani.

Na baharia akifa, kabla chombo hakijagusa maji tena, mshono wake hufunguliwa. Mke au mzazi wake husema maneno machache ya kumruhusu ashuke. Masalu huivuta ile pamba kwa ncha, wafiwa huenda nayo, na mtu mwingine huziba upya kwa jasho lake. Niliwahi kuona ikifanyika mara moja. Niliiona kuwa desturi ya heshima, wala sikuipa uzito zaidi ya huo.

Bujiku bin Lubinza alikuwa mume wa Apolonia, binti wa kwanza wa dada yangu, marehemu Martina. Nyumba yao iko Kagongwa. Baada ya kumaliza mshono wake, wakati lami ikikauka, aliomba ruhusa ya wiki mbili akaingie kwenye duara, shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo, porini upande wa Geita. Jumanne tarehe 9 Agosti duara hilo liliporomoka. Walikuwamo watu watano. Wanne walitolewa. Bujiku hakupatikana. Mmoja wa wale wanne alieleza kwamba kwa siku tatu walimsikia akigonga magogo ya kuzuia udongo, chini zaidi ya walipokuwa wao. Siku ya nne hawakusikia. Baada ya siku kumi na moja utafutaji ulisimamishwa na shimo likafukiwa.

Tulikutana Mulila tarehe 25 Agosti ili mshono ufunguliwe. Apolonia alikuja amevaa gauni la kawaida, si nguo za msiba, na alikataa. Alisema kwa utaratibu kabisa kwamba wakiitoa pamba ya mume wake watakuwa wamemzika, na yeye hajapewa mtu wa kuzika. Masalu akamsihi. Akakataa. Mwigulu hakutaka kumlazimisha mjane, wakanigeukia mimi, kwa kuwa ni baba wa nahodha na mjomba wa mwanamke.

Hapa ndipo nilipokosea. Nilisoma shule ya wamisheni kabla ya Uhuru, na tulifundishwa kwamba jambo lisilothibitishwa haliandikwi. Nikasema hakuna mwili na hakuna cheti. Kwa hiyo Bujiku hayupo, lakini hatuwezi kusema amekufa. Mshono uachwe mpaka uthibitisho upatikane.

Masalu hakubishana. Alirudisha mfukoni ndoana yake ya kuvutia pamba, akaenda kunawa mikono ziwani, akanawa muda mrefu.

Nafasi ya Bujiku ilichukuliwa na Adam, mdogo wake Apolonia na kitinda mimba wa Martina, mwenye umri wa miaka thelathini na miwili. Mama yake alipokuwa anafariki alinikabidhi huyo kwa mkono, akiwa bado mwanafunzi. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi kwa Mwigulu. Akalala alipolala Bujiku, upande wa kulia, kichwa karibu na ule mshono. Ila mshono wenyewe haukuwa wake.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Safari ya pili Adam aliona unyevu kwenye ubao. Alidhani ni maji ya ziwa, akayafuta kwa kitambaa. Kitambaa kikawa chekundu. Maji ya ziwa upande ule ni ya kijani. Akanusa. Yalikuwa na harufu ya baruti na mti uliooza.

Kufikia mwisho wa Septemba alikuwa anakohoa. Alikuja Tinde kunisalimia, akakaa kwenye kiti changu cha uani, na kila alipokohoa alifuta midomo na kukificha kitambaa. Nilimwamuru anionyeshe. Kilikuwa na vumbi. Si damu, vumbi, jekundu na kavu, kama lililotoka barabarani. Nilimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Daktari aliitazama picha ya kifua, akamtazama Adam, akamuuliza amechimba kwa miaka mingapi. Adam akajibu kwamba hajawahi kuingia kwenye shimo lolote maishani mwake. Daktari akaandika kitu, kisha akamuuliza tena swali lile lile, kwa upole, kama mtu anayempa nafasi ya kusema kweli.

Nje ya hospitali Adam alinishika mkono wa shati.

"Mjomba," akasema, "nikilala pale, kuna mtu anagonga. Anagonga kama anayejua kwamba nipo."

Alisema anagonga kwa nje ya ubao, kutoka majini.

Nilimwambia asirudi kwenye chombo. Akabaki Tinde siku tano, na siku hizo tano alizidi kuwa mbaya. Asubuhi ya tano nilimkuta chumbani amelala chali, mikono imeinuliwa juu ya kifua, viganja vimetazama dari, kama aliyezuia kitu kisimwangukie. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo. Sakafu ya chumba kile ni ya saruji.

Nikampigia simu Masalu. Akasema anaweza kuufungua mshono hata leo, lakini bila neno la mke pamba haitavutika, itakatika ndani, na ikikatika Adam hana wiki mbili. Pia akasema chombo kiko majini tayari, kimepakia, na mwenye mzigo hangoji. Tuje naye Mama Lusia, basi. Lusia ni binti wa Apolonia.

Jumamosi tarehe 8 Oktoba nilipanda basi na Adam. Tulimchukua Apolonia Kagongwa. Niliposema kwamba mdogo wake anakufa, alijibu kwamba anamwona. Niliposema kwamba kauli yangu ya Agosti ilikuwa kosa, alitazama nje. Baadaye, tulipokwisha kuiacha barabara ya lami, alisema jambo moja tu: kama kweli Bujiku anagonga, basi yu hai, na mimi namtaka amwambie mtu aliye hai kwamba amekufa.

Alikubali kupanda chomboni kwa sharti kwamba kwanza amsikie mwenyewe.

Tuliondoka Mulila Jumapili asubuhi, saa moja na nusu. Upepo ulikuwa mzuri. Mwigulu alikuwa kwenye usukani, Fikirini kwenye kamba za tanga. Apolonia alishuka chini na kuketi mbele ya mshono, mgongo umenyooka, kama mtu anayengoja kuitwa na karani. Adam tulimlaza palepale pake, kwa kuwa Masalu alisema kumweka mbali kulishajaribiwa. Mimi nilikaa kwenye gunia la chumvi. Kwa saa tatu hatukusikia chochote ila maji.

Saa tano upepo ulikatika.

Haukupungua. Ulikatika. Matanga yote mawili yalining'inia. Nilipanda juu kutazama. Ziwa lilikuwa bapa hadi macho yanapofika, na jua lilikuwa kali. Hapakuwa na mtumbwi hata mmoja, wala ndege. Fikirini alikuwa amesimama akitazama upande wa kulia wa chombo, chini, kwenye maji. Nilimuuliza anatazama nini. Alijibu bila kugeuka kwamba tumeanza kulalia kulia, na mzigo haujasogea.

Nikashuka.

Ndipo nikasikia. Ko. Ko. Ko. Halafu kimya. Halafu tena, tatu.

Mlio ulitoka nje ya ubao, chini ya usawa wa maji. Apolonia alikuwa ameweka kiganja chake kwenye mbao. Uso wake ulikuwa umefunguka. Sijui neno jingine. Ulikuwa uso wa mke aliyesikia mume wake akirudi mlangoni.

"Bujiku," akanong'ona.

Ko. Ko. Ko.

"Baba Lusia. Ni mimi."

Kugonga kukaongezeka. Sasa kulikuwa kwa haraka, na hakukuwa mahali pamoja. Kulipita ubao mzima, pima tatu, kutoka mlingotini hadi omo, kukarudi. Maji mekundu yakaanza kutiririka kwenye mshono. Hayakuwa mengi. Yalikuwa mazito, na yalishuka polepole hadi kwenye blanketi la Adam.

Nilimtazama Adam. Alikuwa amefumbua macho. Mikono yake ilikuwa imeinuka, viganja juu. Ilikuwa inatetemeka kwa uzito. Hapakuwa na kitu juu yake. Kifua chake kilikuwa kimebonyea, na nilipomshika bega, shati lake lilikuwa baridi kama jiwe la shimoni. Midomo ilifunguka. Udongo ulikuwa umejaa hadi kwenye meno.

Nilimgeuza ubavu. Nikautoa kwa kidole. Ukajaa tena.

"Apolonia," nikasema.

Alikuwa bado amebandika kiganja ubaoni.

Masalu alikuwa amepiga magoti karibu naye, ndoana mkononi. "Mama Lusia," akasema kwa sauti ya chini sana, "sema neno. Mimi nipo tayari."

"Yu hai," akasema Apolonia. "Msikilizeni."

Nikafanya kile ambacho nilidhani ni haki yangu kama mkubwa. Nikalisema neno mimi mwenyewe. Nikamtaja kwa jina lake na la baba yake, nikasema tumempa ruhusa ashuke. Kugonga kukakoma. Kisha ubao ukapigwa pigo moja, kubwa, mpaka vumbi la chumvi likaruka kutoka maguniani. Chombo kikalala kulia zaidi. Juu, Mwigulu akapaza sauti kuuliza kuna nini.

Ile pamba ikaanza kusogea. Masalu hakuwa ameigusa. Ncha yenye fundo ilivutwa kidogo, kuelekea nje. Kisha ikavutwa tena. Masalu akaidaka kwa ndoana, akashikilia kwa mikono yote miwili. Kipande chenye urefu wa kiganja kikachomoka na kubaki mkononi mwake. Pale kilipokuwa pakabaki ufa mtupu.

Maji hayakuingia.

Tulikuwa katikati ya ziwa, ufa uko wazi chini ya maji, na maji hayakuingia. Iliingia hewa. Hewa baridi, yenye harufu ya baruti. Niliinama nikatazama, Mungu anisamehe. Upande wa pili palikuwa peusi. Ilikuwa saa sita mchana.

Kisha sauti ikaja kwenye ufa. Naijua sauti ya Bujiku. Ilikuwa yake, kavu, ya mtu aliyefanya kazi bila kupumzika.

"Apolonia. Niachie Adam. Udongo ni mwingi, peke yangu siuwezi."

Apolonia aliondoa kiganja chake.

Alimtazama mdogo wake. Adam alikuwa amekwisha kuacha kupumua. Mikono yake tu ndiyo ilikuwa bado imeinuka. Nikaona Apolonia akielewa, na sitaki kuona tena mtu akielewa jambo kwa namna hiyo. Hakulia. Alisogeza mdomo karibu na ufa, akazungumza kama mtu azungumzavyo chumbani na mwenziwe.

"Ulikuwa mume mwema," akasema. "Lusia hajambo. Tumekupa ruhusa, Bujiku. Shuka."

Pamba haikusogea.

"Shuka, Baba Lusia. Mwache mtoto wa mama yangu."

Masalu akavuta.

Pamba ilitoka yote kwa mvuto mmoja, pima tatu, nyekundu, kavu kabisa, ya moto. Nyuma yake yakaja maji. Maji ya kijani, ya ziwa, yaliyoingia kwa nguvu kwenye urefu wote wa mshono na kutulowesha wote. Sikuwahi kufurahia maji ya kuzama kama nilivyoyafurahia yale. Fikirini aliruka chini na pamba mpya, akajifuta jasho nayo, na yeye na Masalu wakagongelea, mmoja huku na mwingine kule. Mwigulu aliuachia usukani akaja kuchota maji. Pamba ikaisha kabla ya mshono. Palibaki ufa wa kama futi mbili karibu na mlingoti, maji yanaruka. Nikavua shati langu, nikalikunja, Masalu akalisindilia.

Upepo ulirudi. Adam alikohoa, akatapika udongo, kisha maji, kisha akamwita mama yake.

Apolonia aliipeleka ile pamba Kagongwa na kuizika tarehe 12 Oktoba, kwa jeneza, kwa sala, na mimi nilisoma wasifu wa marehemu. Alivaa nguo za msiba. Wabebaji wanne walisema jeneza lilikuwa na uzito wa mtu.

Adam alipona. Picha ya pili ya kifua ilikuwa safi, na daktari akadai kwamba ile ya kwanza lazima ilichanganywa na ya mtu mwingine. Amerudi chomboni na sasa mshono ule ni wake, kwa jasho lake. Nimewahi kumuuliza aliona nini wakati ule alipokuwa hapumui. Alijibu kwamba palikuwa na giza, na kwamba walifanya kazi. Nilimuuliza ni nani aliyefanya kazi naye. Akasema chai yangu inapoa.

Julai iliyofuata Kabula kilivutwa mchangani kama kawaida. Masalu alipofika pale karibu na mlingoti alilitoa shati langu, akalikunjua, kisha akaniita kando bila kupaza sauti.

Lilikuwa limekaa miezi tisa ndani ya maji, limesindiliwa katika ufa usiopitisha kidole. Lilipaswa kuwa matambara. Lilikuwa zima. Mgongoni palikuwa na alama za viganja, za udongo mwekundu, zilizokolea kama zimegandamizwa kwa nguvu zote kutoka upande wa nje. Udongo ulikuwa haujakauka.

Nilizihesabu, nikazihesabu tena. Viganja vitatu. Cha kushoto kimoja. Vya kulia viwili, na kimoja kati ya hivyo ni kidogo kuliko vingine.

Tulikuwa watatu pale mchangani, mimi, Masalu na Adam. Nilimwomba Adam aweke kiganja chake juu ya kile kidogo, nipime. Alilitazama shati, akanitazama mimi. Kisha, kwa adabu kabisa, akautia mkono wake wa kulia mfukoni.